Tupo Bungu

Dadangu alininunia miaka saba, na haki alikuwa nayo. Siku ya kumzika mumewe mie nilikuwa uani na wanawake wa jikoni, tunachambua mchele, nikawaigizia dada anavyolia: "Baba weee, umeniacha na naniii, na hivi viatu vyako nani atavivaaa." Wakacheka mpaka mmoja akamwaga ungo. Kugeuka, dadangu kasimama mlangoni kajifunika khanga mbili. Akarudi ndani. Toka siku hiyo nikimpigia, simu inaita tu mpaka inachoka.

Kwa hiyo alfajiri ile binti yake aliponipigia toka Kibiti, nilikaa kitandani hata salamu sijaitika. Ana sauti nzito huyo, kama anaongelea ndani ya mtungi: "Shikamoo mama mdogo. Mama hali yake si nzuri. Anakuulizia. Njoo leo." Nikamwambia nakuja mwanangu, mwambie nakuja. Nilichotaka kimoja tu, aniambie kwa mdomo wake nimekusamehe, halafu Mungu afanye analotaka.

Basi la abiria mie sipandi. Nyonga ya kulia imekufa, nikikaa kitako nusu saa nalia kama mtoto, lazima nilale. Mwanangu wa mwisho, mtu mzima mwenye watoto watatu, ana bajaji ya mizigo, ile ya umeme. Anabebeaga utumbo na kongoro toka machinjioni Vingunguti, anawapelekea mama ntilie na mabaa ya Sinza. Akaiosha na sabuni mara mbili, akatandika godoro nyuma, akanilaza na mito. Ikanuka utumbo vilevile. Nikamwambia, "Leo umebeba kongoro lililochacha, nani atalinunua?" Hakucheka.

"Mama, hii haijawahi kutoka nje ya mji. Mjini chaji inakaaga siku nzima. Huko mie sijui."

Tukatoka Temeke jua linachomoza. Kibajaji hakina mlio, unasikia matairi tu. Nimelala chali naona nguzo na mbingu, malori yanatupita, upepo wake unanifunua khanga. Vilima vya Vikindu vikaila chaji, vya Mkuranga vikaimalizia. Saa nne tupo Kimanzichana, mwanangu akasimama, akakitazama kile kioo chake cha chaji muda mrefu. "Hii haitufikishi," akasema.

Mwenye mashine ya kusaga pale barabarani akatukubalia tuchomeke kwake. Mndengereko mmoja mpole, maneno anayavuta mpaka unataka kumsaidia: "Chomekeni tuu, bibi yanguu, umeme wenyewe si wa mtuu." Nikamuiga hapohapo mbele yake, akacheka yeye wa kwanza. Hata uji wangu sijamaliza, mashine ikanyamaza. Umeme umekatika. "Unarudi sasa hivii," akasema. Ikafika saa tano, ikafika saa sita. Wateja wakaacha madebe yao ya mahindi kwenye foleni, wakaenda zao. Mie nimelala kwenye bajaji chini ya kibanda chake, nahesabu matundu ya mabati.

Saa sita na nusu binti wa dada akapiga. "Mmefika wapi mama mdogo?"

Sie watu wa Dar tuna tabia moja. Mtu yuko bafuni, sabuni kichwani, anakwambia niko kituoni. Mwanangu alikuwa ananipungia mkono, mwambie kweli mama, mwambie kweli. Mie nikaona nikisema nipo Kimanzichana nasubiri umeme, dadangu akiambiwa atakata tamaa, atajua sikufanya haraka. Nikainyoosha simu barabarani lori lipite lisikike, nikasema, "Tupo Bungu hapa, mwanangu. Tunaingia."

Bungu na Kibiti ni pua na mdomo. Kimanzichana hata nusu ya njia kwa shida.

"Haya," akasema. "Basi tunawasubiri."

Nyuma yake nilisikia watu wengi. Mgonjwa haendewi na watu wote wale kwa mpigo. Na mie mwenyewe nishawapigia wangapi simu za namna hiyo, njoo, mgonjwa anakuulizia, na mtu keshafunikwa shuka. Nilijua. Nikajifanya sijui, nikaomba maji ya kunywa.

Umeme ulirudi saa nane. Tukachaji mpaka saa kumi, mwanangu anaenda kwenye kioo, anarudi, anaenda. Simu yangu iliita mara tatu. Sikupokea. Ningesema nini, bado tupo Bungu?

Kibiti tumeingia jua linazama. Uwanjani kuna turubai, wanaume wananawa, miguu yao ina udongo mbichi. Hakuna aliyeniambia kitu mpaka binti wa dada alipokuja kunishusha.

"Mama alifariki kabla sijakupigia," akasema. "Tulipanga adhuhuri. Uliposema mpo Bungu tukasogeza alasiri, umuage. Hukuja, na simu hupokei." Akatazama chini. "Wazee wakasema huyo bado ana kinyongo, tusimcheleweshe marehemu."

Mie ndo mwenye kinyongo. Mie.

Mwanangu ndo akamwambia umeme ulitukwamisha Kimanzichana toka saa nne.

"Tungejua mpo Kimanzichana, mama mdogo, tungetafuta gari likufuate."

"Na mie ningejua keshakufa, ningewaambia nipo mbali, mnisubiri."

Mwanangu alikuwa amesimama na mto wangu mkononi, hajui auweke wapi.

Walinilaza chumbani kwa dada, kwenye kitanda chake. Wanawake wakaja kunipa pole mmoja mmoja, wengine ndo walewale waliocheka siku ile ya mchele. Walipotoka, binti akabaki.

"Mama alishakusamehe zamani," akasema.

"Alisema lini?"

Akainama, akaanza kunyoosha shuka lisilo na mkunjo.

"Alisemaje? Niambie maneno yake."

Akalivuta shuka upande wa pili, akalichomekea chini ya godoro. Msikitini wakaadhini isha.

"Basi," nikamwambia, "usijisumbue mwanangu. Nenda kaswali."