Mzigo wa Kwanza wa Boti Yetu

Klabu yetu ya huduma haina jengo. Tunakutana Jumamosi mchana katika darasa la shule ya msingi hapa Nchelenge, mji wa kando ya ziwa, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Wapo wachuuzi wa samaki, walimu wachache, fundi seremala, fundi wa mashine za kusagia, muuguzi mmoja mama aliyestaafu, na mimi ninayeuza vitenge sokoni. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, mtu mpole, mwenye ugonjwa wa hotuba ndefu. Tunafyeka nyasi kuzunguka hospitali, tunazoa taka pale ufukweni samaki wanapopakuliwa, tunawapikia uji wagonjwa waliolazwa bila ndugu wa kuwapikia. Wako wanaotucheka kwamba tumeacha kufagia kwetu tunakwenda kufagia kwa serikali. Mimi huwajibu kwamba kwangu kumefagiwa tayari, waje waone.

Kazi yetu kubwa kuliko zote ilikuwa boti. Kwenye kisiwa kilicho mbele ya mji wetu kuna zahanati ndogo, lakini mama akishindwa kujifungua, au mtoto akiishiwa damu, lazima avushwe kuja hospitali huku bara. Boti ya abiria huondoka kisiwani asubuhi na kurudi ikijaa watu, si mgonjwa anapozidiwa. Wasio na njia nyingine walikuja kwa mtumbwi wa makasia, na ziwa hili likichafuka halimwonei mtu huruma. Basi tukajichanga. Seremala wetu aliunda boti kwa mikono yake, injini tukaipata kwa mvuvi mmoja aliyeamua kwenda kulima, na katikati tukaacha nafasi bila ubao wa kukalia ili godoro litoshe. Tuliipaka rangi nyeupe. Siku ya kuishusha majini tuliimba hadi sauti zikakauka, na mimi nilijivuna, sifichi.

Kabla haijambeba mgonjwa hata mmoja, mvuvi wa kisiwani akafia hospitali. Mama yake alisimama uani na kifurushi kichwani, hataki kukaa, anauliza kila anayepita nani atamvushia mwanawe akazikwe kwao. Wenye boti walikuwa wanageuza nyuso. Mwenyekiti hakuitisha hata mkutano, na nani angeitisha, mama wa watu amesimama pale? Tuliliweka jeneza pale pa godoro, nikalifunika kwa kitenge nilichokichukua kwenye meza yangu ya biashara, tukavuka tukiimba. Kisiwa kizima kilikuwa ufukweni kutupokea. Walitushukuru kwa machozi.

Sisi sote ni watu wa ziwa, tumekua na harufu ya samaki puani, na bado hakuna aliyekumbuka jambo ambalo kila mtoto wa mvuvi analijua. Chombo kipya hutazamwa mzigo wake wa kwanza. Mvuvi akipata mtumbwi mpya hakubali kuupakia matofali wala kuni za jirani. Anautoa mwenyewe alfajiri, anarudi na samaki, hata wawe wa kujaza sahani moja, na hao wanapikwa nyumbani kwake na kuliwa na watu wake. Baada ya hapo ule ni mtumbwi wa samaki, na kila mtu anajua. Boti yetu mzigo wake wa kwanza ulikuwa maiti. Watu wa kisiwani wakahitimisha, bila ugomvi wala kutusema vibaya, kwamba ni boti ya wafu, na kwamba kazi hiyo inaifanya vizuri. Msiba ukitokea walituma ujumbe kutuomba. Mgonjwa hakupanda hata mmoja.

Tulihangaika. Mchungaji aliiombea. Tuliifuta nyeupe tukaipaka kijani. Jumapili tuliwapakia watoto wetu wenyewe tukavuka nao kwenda kusali kule, ili waonekane wakishuka wazima wanacheka. Mwenyekiti alihutubia ufukweni hadi jua likatuchoma shingo, akaeleza habari za ushirikina na elimu. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa samaki wa kwenda nao nyumbani, na mgonjwa aliyefuata wakamleta kwa makasia. Kisha dada mmoja wa kisiwani akafia katikati ya maji. Damu ilikuwa inamtoka, wakamweka kwenye mtumbwi, na boti yetu ilikuwa imefungwa palepale ufukweni kwao kwa sababu siku hiyo tulikuwa tumekwenda kuchimba choo cha zahanati. Tulisimama na majembe tukiwaona wanaondoka. Tuliwasihi. Mwenyekiti alilia mbele za watu, na tangu hapo alipunguza hotuba.

Niseme sasa habari za mdogo wangu. Sisi tumetoka ng'ambo, upande wa Kongo. Mama alituvusha tukiwa wasichana, vita vilipokaribia kijiji chetu. Mimi nilitafuta maisha mjini, mdogo wangu akaolewa kisiwani na mvuvi, na mama akachagua kuishi naye kwa sababu, alisema, mimi nina mdomo. Mdogo wangu alikuwa amezika mtoto wake wa kwanza. Huu ulikuwa ujauzito wa pili, na sote tulitembea kwa ncha za vidole, tukihofia nao usipotee.

Simu ilikuja asubuhi, boti ya abiria ilikuwa imeshaondoka kisiwani. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto amelala vibaya tumboni, zahanati haiwezi. Tulivuka mwenyekiti, yule muuguzi mstaafu, fundi wa mashine ambaye ndiye nahodha wetu, na mimi. Tulipofika walikuwa wamemleta ufukweni juu ya machela ya miti. Uso wake ulikuwa umebadilika, nikaogopa kumtazama. Akaiona boti, akanishika mkono kwa nguvu.

"Yaya, mi shitaki ile bwato," alisema kwa Kiswahili cha kwetu ng'ambo, akiniita dada na kuikataa boti. "Afazali nifie hapa."

Mume wake alikuwa anatazama mchanga. Nyuma yake nikawaona kaka zake wanakumba maji kutoka kwenye mtumbwi, wanauandaa. Nikapandwa na hasira. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikamwita shemeji yangu jina ambalo mpaka leo tukikutana tunajifanya halikutamkwa. Mwenyekiti akaanza kueleza tena, taratibu, kwa Kibemba kizuri, habari za hospitali na daktari, na kaka wale wakaendelea kukumba maji. Muuguzi alimpima mdogo wangu mapigo ya moyo, akanitazama, akatikisa kichwa kidogo kuniambia kwamba muda unakwisha.

Ndipo mama yetu akapita katikati yetu. Hakuomba njia. Alipandisha kitenge hadi magotini, akaingia majini, akapanda botini kwa shida bila kusaidiwa, akalala chali palepale katikati, juu ya mbao, pale tulipoliweka jeneza. Alinyoosha miguu na mikono kama anavyolazwa mtu aliyekwisha kuoshwa. Kaka za shemeji wakaacha kukumba maji.

"Mahali ya mufu, mi njo nimeshaichukua," alisema akiwa amelala. "Haiko tena na nafasi. Wewe kuya, mutoto yangu. Kaa huku mbele."

Mdogo wangu alilia, akauachia mkono wangu, akasema wamnyanyue. Tuliweka godoro mbele, likiwa limekunjwa nusu kwa sababu halikutosha, tukaondoka. Upepo ulikuwa wa wastani lakini maji yaliruka ndani, na mama alikuwa chini kabisa yanakotuama. Nilimwambia ainuke, tumeshatoka mbali na watu, hakuna anayemwona. Njia yote alilala vile, macho ameyafumba, nguo imeloa, midomo imefungwa. Niliwaza, huyu mama yangu ni mjanja kuliko klabu nzima. Sisi tumepaka rangi, tumeomba, tumehutubu, yeye kalala tu chini na mambo yakaisha. Karibu nicheke, na mdogo wangu anaugulia mbele yangu.

Walimpasua alipofika. Mtoto alitoka hai, wa kike, mwenye sauti mbaya kama yangu, na mdogo wangu akaamka siku iliyofuata akaomba uji. Nilikaa kwenye nyasi za hospitali, zile ambazo huwa tunazifyeka wenyewe, nikalia kama mtu aliyepigwa.

Baada ya hapo watu wakaanza kupanda. Wa kwanza alikuwa mzee mwenye ngiri, halafu akaja mama mjamzito, halafu mtoto aliyeungua kwa uji. Hakuna aliyetangaza kwamba sasa inaruhusiwa. Walipanda tu, na wale wazee waliokuwa wagumu kuliko wote wakawa ndio wanaotupigia simu kutuuliza mbona tumechelewa.

Klabu ikaamua kumshukuru mama. Tulimleta kutoka kisiwani Jumamosi moja, tukamkalisha kwenye kiti cha mwalimu, na mwenyekiti akarudia ugonjwa wake. Alisema mama huyu, ambaye hakusoma, ametufundisha sote, kwa sababu alizicheka imani za kale mbele ya watu wazima waliokuwa wanatetemeka. Alisema hofu ni kitu kitupu, na mama ameufunua utupu wake. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Mama aliinama, akapiga viganja polepole kama wanavyoshukuru wenyeji hapa, akasema "Natotela", akakaa.

Jioni tulikuwa nyumbani kwangu, jikoni, anachambua dagaa ninaouza wakati vitenge haviendi, wale wadogo tunaowaita chisense. Nikamtania. Nikamwambia, miaka yote ulitukataza kupiga miluzi usiku, kumbe mwenyewe huamini mambo haya hata kidogo.

Aliendelea kutoa mchanga kwenye dagaa. "Nani alikuambia shiamini?"

Nikadhani hakunielewa. Nikamkumbusha maneno ya mwenyekiti.

"Ule baba eko mutu muzuri," alisema. "Lakini hakuniuliza. Mi naamini. Ile bwato ilionja mufu, ilikuwa inatafuta mwingine. Nilijua ile siku itabeba mutu. Njo nikasema inibebe mie, iache mutoto yangu."

Nilikumbuka kwamba tangu mtoto azaliwe, mama alikuwa amegawa vitenge vyake vizuri, kimoja kwa mdogo wangu, kimoja kwa mama mkwe wake, kimoja kwangu, na mimi muuza vitenge nilikuwa nimemcheka kwamba ananiletea chumvi baharini. Alikuwa amemwonyesha shemeji pale anapotaka kuzikwa. Tulidhani ni uzee. Mama yangu aliamini boti bado inamdai; alikuwa anaondoka, na alikuwa akipanga mambo yake vizuri ili asitusumbue.

Nilimuuliza kama aliogopa.

"Sana," alisema. "Ile maji ilikuwa baridi, nikasema sasa njo inakuja."

"Na mbona ulifumba macho njia yote? Nilikuwa nakusemesha."

Alichagua dagaa mmoja mmoja kama kwamba kuna mteja anamsubiri.

"Sababu kama ningefungua ningemuona mudogo yako," alisema, "na kama ningemuona, ningetaka kuishi naye. Ningeamuka."

Mimi mwenye mdomo nilivuta kigoda nikakaa karibu yake, bega kwa bega, nikaingiza mikono kwenye ungo uleule.