Mfuko Ulioshonwa Mdomo

Mtoto wa kaka yangu ni fundi cherehani. Ana chumba kimoja chenye dirisha, na kitanda ambacho kwa miaka sita amekilalia upande wa ukutani tu, kana kwamba mwenzake katoka mara moja atarudi.

Mumewe aliondoka ndoa haijatimiza mwaka. Hawakugombana. Kila walipojaribu kukutana kimwili alilia kwa maumivu, na yule bwana akaona anakataliwa. Watu wakasema, "Huyo kafungwa." Mungu anisamehe, wa kwanza kulitamka neno hilo nilikuwa mimi. Nikamzungusha kwa waombaji, wakakemea mpaka sauti zikakauka, tukarudi vilevile.

Mwishowe akaenda hospitali peke yake, bila kuniambia. Daktari, mama mtu mzima, akampima, akasema, "Mwanangu, umezaliwa njia imefungwa."

Akaangua kilio. "Hata wewe, daktari, unasema nimefungwa?"

"Na nani?"

"Na watu! Si ndivyo wanavyosema?"

Daktari akamwacha alie, kisha akamuuliza kazi yake. "Ahaa, fundi! Koti jipya la dukani, si mfuko huja umeshonwa mdomo? Mfuko wenyewe upo?"

"Upo."

"Unafanyaje?"

"Nafumua kwa wembe, polepole, nisichane kitambaa."

"Basi ndiyo hivyo. Ni ukuta wa nyama ukeni, wenye kitundu cha kupitisha hedhi tu, umezaliwa nao. Hakuna aliyekufunga."

Akapasuliwa. Akapewa kifaa laini cha kujiwekea kila siku, miezi kadhaa, njia isizibe tena. Alikitumia mlango umefungwa, redio imewashwa, hana wa kumuuliza unaendeleaje.

Alipopona alimpigia yule bwana simu. Nilikuwepo.

"Nimetibiwa," akasema. "Ulikuwa ugonjwa. Sikukukataa."

Nikasikia sauti ya bwana simuni, "Pole sana. Mimi nina watoto wawili sasa."

"Nilitaka ujue tu."

"Nimejua."

Akaweka simu mezani. Akashusha ukutani koti la harusi ambalo bwana aliliacha, akachukua wembe, akafumua mifuko yote miwili. Akaingiza mkono mpaka kwenye kifundo.

"Shangazi, siku nzima ile ya harusi hakujua pa kuweka mikono."

Nilicheka, halafu nikashindwa kuendelea. Nikasema, "Mwanangu, lile neno langu..."

"Nitungie uzi, shangazi," akasema, akinipa sindano. "Koti hili nalipunguza. Nitalivaa mwenyewe."