Aliyefungwa Hashuki

Kila mwaka kampuni inayotengeneza gemu la mpira inatutangazia mapinduzi. Safari hii, wanasema, nyasi za uwanjani zinalala mchezaji akizikanyaga. Mwaka jana ilikuwa jasho. Kabla ya hapo zilikuwa nywele, eti kila unywele unapepea peke yake. Habari hizi zote nazisoma kwenye simu alfajiri, maji ya chai yakiwa jikoni, halafu nawapelekea wateja wangu, ambao ni wachimbaji wenye vumbi mpaka kwenye kope. "Jamani, nyasi sasa zinalala!" Wananitazama. Mmoja ananiuliza, "Na golikipa je, bado anadaka upepo?" Bado anadaka upepo. Hilo wataalamu hawajalifikia.

Nina kibanda cha gemu nje kidogo ya Nyarugusu, kwenye njia ya kwenda maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Ni mabati matupu, runinga mbili, mashine mbili, mabenchi, na pembeni jiko la mkaa kwa ajili ya chai na maandazi. Ugonjwa huu wa gemu niliupatia Masumbwe nikiwa nauza duka la simu. Tajiri wangu aliweka mashine moja ya gemu ili ivutie wateja, ikanivutia mimi. Kaka yangu alipokuja huku kuchimba dhahabu, mama akanituma nimfuate. "Beba na hayo magemu yako," aliniambia, "lakini kaka yako nimwone anarudi kwa miguu yake mwenyewe." Kazi ndiyo hiyo. Namna ya kuifanya hakunieleza, na mimi sikuuliza, maana nilidhani kaka yangu ni mtu wa kuambiwa akasikia.

Weee! Kaka yangu? Umwambie matimba, ile miti inayozuia kuta za duara lao, yameoza, akujibu kwamba matimba yameoza tangu enzi za mkoloni. Umwambie maji yanajaa, akuulize kama wewe ndiye mota ya kuvuta maji. Ni mkubwa wangu, namheshimu, shikamoo nampa kila asubuhi. Ila kichwa chake ungekipeleka kwenye karasha la kusaga mawe, karasha lingeomba likizo.

Sasa wanaume wa hapa wana sheria zao. Mwanamke hasogelei duara, kwa sababu akisogea dhahabu itakimbia. Inakimbia kwa miguu gani, sijawahi kuambiwa. Sheria hiyo wakaileta mpaka kibandani kwangu. Umeme nalipa mimi, mashine ni zangu, pedi za kuchezea nazifuta mimi kwa kitambaa na mate yangu, lakini asubuhi kabla hawajashuka, mimi nisishike pedi hata moja. Mkono wangu una mkosi. Mkono huohuo ukikanda maandazi mkosi unaisha, wanakula wanajilamba.

Na ipo sheria kubwa zaidi, ambayo imenifanya nibaki na kibanda hiki hata pale biashara ilipodorora: aliyefungwa hashuki. Ilianza hivi. Mchimbaji mmoja alifungwa mabao ya aibu asubuhi, akanuna, akagoma kwenda kazini. Mwenzake akashuka kwa zamu yake, jiwe likamvunja mguu. Basi! Kuanzia hapo gemu langu likawa mganga. Kila asubuhi wanakuja wawiliwawili, wanacheza mechi moja fupi, mshindi anakwenda kuvaa kofia ya tochi, aliyefungwa anabaki juu kuvuta kamba na kubeba viroba vya mawe. Hakuna anayemcheka. Mtu mzima mwenye ndevu ukimwambia "mimi leo naogopa kushuka," atakusimulia mpaka uzeeni. Ukimwambia "nimefungwa," anakupa pole na kukusogezea kikombe.

Ubaya wa sheria ni kwamba kaka yangu alikuwa hafungwi. Alikuwa na ufundi wake mmoja, ufundi wa kipuuzi kabisa, wa kupiga krosi kutoka pembeni na kumtafuta yule mshambuliaji mrefu. Kila asubuhi krosi, kichwa, goli. Mpinzani wake wa kila siku, jirani yake wa kambini, hajawahi kujifunza kuizuia. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na birika, nasaga meno, natamani kumwambia yule bwana, mvute beki wako nyuma, basi, ni hilo tu! Lakini nani atamsikiliza mwenye mkosi.

Toleo jipya lilipotoka nilikuwa wa kwanza ukanda huu kulinunua. Santuri yake ilinifikia kwa basi kutoka Mwanza, nikaifungua kwa heshima, nikaiweka kwenye mashine, na mashine ikaniambia kwamba gemu halijakamilika, nipakue lililobaki kwenye intaneti. Yaani umenunua shati, umefika nyumbani, unaambiwa mikono ya shati iko dukani, rudi ukaifuate. Kibandani kwangu mtandao unapatikana ukisimama juu ya benchi. Ikabidi nifunge mashine kwenye kitenge, niibebe mgongoni kama mtoto, niende nayo Geita mjini kwenye nyumba ya wageni yenye intaneti. Nilikaa hapo kutwa nzima nakunywa soda moja. Mhudumu aliniuliza mtoto mbona halii.

Nikarudi kwa fahari. Wanaume wakaja, wakatazama nyasi zinavyolala, wakakubali kwamba kweli zinalala. Kisha yule mkubwa wao, msimamizi wa duara, mzee wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, akauliza swali ambalo sijalisoma kwa mwandishi yeyote wa habari za gemu duniani. "Hili jipya limeshatemesha duara gani?"

Kutema ni duara kutoa dhahabu. Nikamwambia, mzee wangu, hili limetoka wiki hii, litatemesha wapi? Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Lile la zamani, akasema, lilikuwepo duara lilipotema mara ya mwisho, lina nyota. Hili halijazoea hapa. Wakapitisha azimio hapohapo: mechi za asubuhi zichezwe kwenye santuri ya zamani, iliyojaa mikwaruzo, na hili jipya liwe la kuchezea jioni, kwa kujifurahisha. Sema wewe. Maelfu ya wahandisi wamekesha kutengeneza nyasi, Nyarugusu imewanyima kibali.

Jioni nako walikuja wamechoka, wakawa wanang'ang'ania lilelile wanalolijua. Hili jipya likabaki langu. Mchana, kibanda kikiwa kitupu, nilikuwa nacheza peke yangu mpaka nikalijua lote, pamoja na jambo moja ambalo kampuni ililiandika kwa herufi ndogo chini ya habari zote za nyasi: krosi zimepunguzwa nguvu. Ile krosi ya kaka yangu, kwenye toleo hili, inafika kwa golikipa kama zawadi ya harusi.

Kisha masika yakaja. Mvua ilinyesha usiku kucha, ikasita alfajiri, na njia ya maduarani ikawa uji. Mota yao ya kuvuta maji ilikuwa imekufa tangu jana yake. Lakini walikuwa wameufikia mwamba mzuri, na mwenye duara alikuwa amepiga simu kwamba watu washuke, mawe yenyewe hayasubiri. Niliwasikia wakizungumza wakinywa chai. Mmoja alisema ukuta wa chini unatoa machozi. Kaka yangu akacheka. Mimi nikamwaga chai mezani, nikaogopa kwelikweli, nikawa naiona sura ya mama tu.

Nikamvuta pembeni. "Kaka, leo usishuke. Nakuomba."

"Wewe mtoto, pika maandazi."

Basi wakaweka santuri ya zamani. Mashine ikaizungusha, ikakohoa, ikaitema nje. Wakaifuta kwa shati. Wakaipuliza. Mmoja akaipaka dawa ya meno, maana alisikia inasaidia. Ikagoma katakata. Wote wakanigeukia mimi. "Sijaigusa!" nikasema. "Si nina mkosi? Nitaigusaje?"

Ikawa kikao. Wapo waliosema leo hakuna mechi, washuke wote. Wapo waliosema kushuka bila mechi ni kujitafutia balaa. Msimamizi akafikiri, akakuna kidevu, akaamua: mechi ni mechi, liwekwe hilo jipya, dharura haina adabu. Wakaanza. Ilikuwa vichekesho, wote wanapapasa, wanapiga mipira nje, magoli yanaingia kwa bahati mbaya. Zamu ya kaka yangu ilipofika, mpinzani wake hakuwepo. Alikuwa kambini na homa.

Sijui nilipata wapi mdomo. "Nitacheza naye mimi."

Hamadi! Kelele zilizotoka pale, ungedhani nimevua nguo. Mmoja alisimama akaenda nje kabisa asishuhudie. Msimamizi akasema haiwezekani. Na hapo ndipo kaka yangu aliponisaidia bila kujua, kwa ule ujuaji wake. Alicheka akajigonga kifua. "Muacheni akae. Mdogo wangu huyu, nimemfundisha mimi kuendesha baiskeli. Atanifunga nini?"

Nikakaa. Akachagua timu kubwa kuliko zote, mimi nikachukua ya kawaida. Krosi ya kwanza, golikipa wangu akadaka. Ya pili, akadaka. Kaka akaitazama pedi, akaigonga kwenye goti. Nikampitia katikati, nikafunga. Akapiga krosi nyingine, nikadaka, nikakimbia, nikafunga tena. Sikumwonea huruma hata kidogo. Nilicheza nikiwa nimebana pumzi, na kila goli nilisema moyoni, baki juu, baki juu, kichwa maji wewe, baki juu.

Filimbi ilipolia alisimama, akaweka pedi chini taratibu, akatoka. Hata kamba hakwenda kuvuta.

Sasa ningekuwa mtunzi wa hadithi ningewaambia duara lilititia siku hiyo, kaka yangu akanipigia magoti, wanaume wakaniomba radhi kwa mstari. Halikutitia. Duara lilitema! Lilitema kuliko walivyowahi kuona, wakatoka wanaimba Kisukuma, wakachinja mbuzi. Na mawe ya siku hiyo, kwa desturi yao, wanagawana walioshuka na waliovuta kamba tu. Kaka yangu alikaa mlangoni pa kambi akitazama mbuzi wa wenzake akichunwa.

Hakunisemesha masika yote, kiangazi chote. Mechi za asubuhi alikuja, ila chai alikwenda kunywa kwa mwingine, kwa mama mmoja ambaye maandazi yake unaweza kujengea. Nikimpa shikamoo njiani, anatazama mlima. Iliniuma, nisiseme uongo. Nililia nikiwa nimejifungia kibandani, na toleo jipya limewashwa mbele yangu, nyasi zinalala vizuri kabisa. Wanaume wengine nao walikuwa na lao. Wakaamua kwamba gemu jipya lina nyota kuliko la zamani, kwa kuwa limetemesha duara, ila mwenye kibanda ndiye balaa. Hivyo kampuni ikapata kibali chake, mimi nikabaki na mkosi wangu.

Mwaka ukazunguka. Kampuni ikatangaza mapinduzi mengine. Safari hii ni mikunjo ya jezi. Nikanunua, nikaibeba mashine mgongoni mpaka Geita, mhudumu akasema mtoto amekua. Na mvua zikarudi.

Siku moja alfajiri, baada ya mvua kubwa, walikuja wakiwa wameloa. Habari zilikuwa zimeenea kwamba upande wa pili wa kilima duara la watu wengine limeanguka ukuta, wametolewa wazima lakini mmoja hasemi. Hakuna aliyelizungumzia. Walikuwa wanakunywa chai kwa sauti. Kaka yangu akaingia nyuma yao. Mpinzani wake wa kila siku alikuwa ameshakaa kwenye benchi, pedi mkononi, anamsubiri.

"Pisha," kaka akamwambia. Kisha, bila kunitazama, "Njoo wewe. Nione hilo jipya."

Msimamizi akamwangalia kaka yangu usoni, akarudi kwenye chai yake.

Nikafuta mikono kwenye kanga, nikakaa. Kaka akapitia orodha ya timu, akazipita kubwa zote, akashuka mpaka mwisho kabisa, kwa timu ambayo hata wazazi wa wachezaji hawaiungi mkono. Akaichagua. Mpira ulipoanza akanipasia mimi. Nilidhani amekosea. Akanipasia tena. Nikamtazama kwa pembeni: macho yake yalikuwa kwenye runinga, taya limekaza, na krosi hakupiga hata moja. Nikafunga. Golikipa wake alisimama tu, hata upepo hakudaka.

Filimbi ikalia. Kaka akarusha pedi kwenye benchi na kupaza sauti wasikie wote. "Mnaona? Huyu mtoto ana mkosi, si niliwaambia!" Wakampa pole, mmoja akamsogezea kikombe. Nikammiminia chai. "Marahaba," akasema, ingawa shikamoo nilikuwa sijaitoa.

Simu yangu ikaita. Alikuwa mama, na yeye alikuwa amezisikia habari za kilima. Hajawahi kuona gemu hata siku moja, anadhani ni aina ya redio.

"Kaka yako yuko wapi?"

"Yuko hapa, mama, anakunywa chai. Nimemfunga."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Haya, ng'wanawane, mwanangu," akasema. "Na kesho mfunge tena."