Ncha ya Mkuki Iliyookotwa Kwenye Mananasi

Hili nawaambia ninyi kwa sababu walimu wenzangu wote wameshalijua.

Nafundisha historia Kiwangwa. Mwaka huu nimejifundisha kuchonga ncha za mikuki za mawe, kama za watu wa kale, zenye mfereji mwembamba wa kupachikia mpini. Niliharibu mawe mengi kabla ya kupata ncha moja ya maana, nayo ikanidondoka kwenye shamba la mananasi la shule.

Jumatatu mkuu wa shule, Mwalimu Mbwana, akaingia nayo mbio. "Mwalimu Zuhura, mlinzi kaiokota shambani! Ni ya kale?"

Sikuwa na miwani. "Ya kale sana," nikajibu kwa madaha. "Maelfu ya miaka."

Nilipoupapasa ule mfereji nikaitambua, lakini yeye alikuwa keshampigia simu diwani. Siku tatu sikutulia. Mara nne nilikwenda ofisini kwake kukiri, nikaishia kuomba chaki.

Alhamisi akaja mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Dar, mama mmoja mpole. Diwani na walimu wote tukaketi kumzunguka. Akaigeuzageuza dirishani. "Ina alama za shaba, na watu wa kale hawakuchongea shaba. Imechongwa juzijuzi tu."

Mwalimu Mbwana akanywea. Ningenyamaza hapo, yangekwisha. Lakini yule mama akaongeza, "Ila fundi wake, jamani! Mfereji kama huu mimi umenishinda miaka yote. Sijui ni nani?"

"Ni mimi!" nikasema, nimesimama, mkono juu, natabasamu.

Walimu wote wakanigeukia.

"Keti, mwalimu," akasema Mwalimu Mbwana.