Wakala na Herufi F
Wakala wa kupeleka walimu ng'ambo, jirani wa kibanda changu cha chaja za simu hapa Iloilo, Ufilipino, hupaka nywele mafuta kabla ya kila usaili, ingawa anayesailiwa si yeye. Ugomvi wake mkubwa ni herufi F, ambayo wengi wetu hapa huitamka P. "Madam, ni 'fasaha', si 'pasaha'! Wamarekani watakucheka," humfokea Madam Luzviminda, mwalimu anayemtafutia kazi, akigonga meza kwa pete. Jana mkuu wa shule moja ya Arizona alipotokea kwenye skrini kumsaili Madam, wakala akajitia mbele ya kamera: "Mwalimu wangu ni pasaha kabisa, nimempundisha mwenyewe!" Mkuu akakunja uso. Madam akamsogeza wakala kwa kiwiko. "Samahani, bwana. Huyu ni fundi wa kompyuta." Wakala akainama chini ya meza, akashikashika nyaya mpaka Madam alipopewa kazi.