Mwenyekiti Aliyechukia Watu Waliokaa

Nikimsikia mheshimiwa redioni akieleza msimamo wake, eti aliupata kwa kusoma vitabu na kutafakari hali ya mnyonge, huwa napunguza sauti na kujiuliza swali moja tu: huyu kwao nani alikuwa anapakuliwa chakula wa kwanza? Mimi shule nimeishia darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Lakini nimejenga nyumba kwa makopo ya maziwa, na nimetawaliwa na viongozi wa kila namna, kwa hiyo ninalosema nalijua.

Kazi yangu ilikuwa fundi bati. Nilikuwa Kariakoo, kwenye baraza ya nyumba ya kupanga, nikikata makopo na madebe na kuyageuza koroboi, zile taa ndogo za utambi na mafuta ya taa. Miaka ile ya Ujamaa ukivunja kioo cha chemli yako hupati kingine dukani, basi nusu ya mtaa ilikuwa inaonana kwa koroboi zangu. Sisemi kujisifu. Au nasema kujisifu, kwani kuna ubaya gani.

Mwaka mmoja ukaja msako wa wazururaji. Karandinga lilikuwa linapita mitaani asubuhi, na kila asiye na kazi inayotambulika anapakiwa, anapelekwa kijijini kulima. Wazo lenyewe sikulipinga. Nchi ilihitaji chakula, na mjini palikuwa na watu wa kutosha wa kuegemea nguzo. Shida ilikuwa nani anaamua kazi ni nini. Watu wa maofisini kule Posta walikuwa na vitambulisho vyao. Sisi wa barazani tulitakiwa tuwe na barua ya tawi la chama. Huna barua, unapanda lori. Mimi nilikuwa na mke mwenye mimba ya miezi saba, na mkasi wa bati ambao huko kijijini ningekatia sijui nini.

Mwenyekiti wa tawi letu alikuwa mtu wa Feri, mrefu, mkavu, shati limechomekewa, kalamu mbili mfukoni. Alipita baraza kwa baraza na wafuasi wake watatu. Akifika kwako haombi karatasi. Anaomba mkono. Anakubonyeza kiganja kwa kidole gumba kama mama anayechagua parachichi sokoni.

"Ndugu, unafanya kazi gani?"

"Fundi bati, ndugu mwenyekiti."

"Mbona umekaa?"

"Nimekaa nikifanya kazi."

"Aliyekaa hafanyi kazi," akasema. "Aliyekaa anafanyiwa."

Wale watatu wakatikisa vichwa, mmoja akaandika. Mwenyekiti akanibonyeza, akakunja uso. "Sugu yako iko kidoleni. Sugu ya kazi inakaa hapa," akagusa katikati ya kiganja. "Nakupa mpaka Jumamosi. Nikikukuta hivi hivi, barua hupati."

Alipoondoka, jirani yangu mshona viatu, aliyekuwa hakosi semina hata moja, akatueleza kwa sauti ya kufundisha. "Hiyo ni falsafa. Mnyonyaji hukaa, mnyonywaji husimama. Mwenyekiti kaisoma hiyo."

Nami nikaamini. Nilijua tu kwamba falsafa hiyo itanipeleka shamba.

Siku mbili baadaye akaja mama yake mwenyekiti. Alikuwa mteja wangu wa zamani, bibi mnene mcheshi, anatoka Feri kwa miguu na koroboi yake ndani ya kikapu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Taa yako inalia mafuta, imenichafulia mkeka."

Nikaichukua niizibe kwa risasi ya kuyeyusha. Nikamwambia bila kuzunguka, "Bibi, mwanao ananipeleka kulima."

"Amekukuta umekaa?"

"Sasa fundi bati akae wapi, bibi, darini?"

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Kisha akanipa habari ambayo semina zote za mshona viatu hazikuwahi kuigusa. Mumewe alikuwa mvuvi, anarudi viganja vimechanwa na kamba. Pale nyumbani palikuwa na kaka yake mumewe, mtu wa kukaa barazani kutwa anacheza bao. Na kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo, samaki aina ya changu akiiva, kichwa ni chake. Halafu minofu ni ya mvuvi mwenyewe, halafu wanawake. Mtoto anapewa mkia.

"Huyu mwenyekiti wenu amekula mikia mpaka akaota ndevu," bibi akasema. "Akimwona mtu kakaa, anamwona baba yake mkubwa."

"Na hivi viganja anavyobonyeza?"

"Jioni alikuwa anamkanda baba yake mikono kwa mafuta ya nazi. Viganja anavyovijua ni vile. Zungusha taa hiyo, upande huu bado unavuja."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Tawi zima tulidhani siasa yetu imetoka kwenye Azimio, kumbe imetoka kwenye kichwa cha changu.

Nilipomaliza koroboi ya bibi sikukaa tena. Nilikuwa na kipande cha reli nilichokuwa nikigongea bati. Nikakipandisha juu ya pipa, nikaanza kugonga nimesimama. Niliwaambia na wenzangu, kwa sababu sikutaka kubaki barazani peke yangu. Mshona viatu akafunga kwenye nguzo kalibu yake ya kuvalishia viatu. Fundi cherehani ndiye aliyeteseka: mguu mmoja chini, mmoja kwenye pedeli, anayumba kama kuku aliyefungwa kamba. Kola za mashati ya wiki ile zote zilikwenda upande. Ukipita Ijumaa ungedhani baraza nzima tunaimba wimbo wa taifa.

Jumamosi mwenyekiti akaja. Alisimama barabarani akatuangalia kwa muda. Sijui kama ni vumbi, lakini alipangusa jicho.

"Hapa sasa naona ujamaa," akasema.

Kisha akavuta kigoda changu, maana kilikuwa hakina mtu, akakaa, akatutazama tukifanya kazi mpaka jua likapanda.

Nikadhani nimepona. Kumbe nilikuwa nimevuka nusu. Barua ilitakiwa ipigwe muhuri na katibu wa tawi, na katibu hakujali kama umesimama, umekaa au umening'inia. Yeye alikuwa mtoto wa karani wa mahakama. Utotoni alikuwa anampelekea baba yake chakula, na akawa anaona watu wazima wanalia dirishani kwa sababu hawana karatasi, na watu waongo wanaondoka wanacheka kwa sababu wanayo.

"Mwenyekiti amenikubali kwa mdomo wake," nikamwambia.

"Mdomo hauna faili," akanijibu, akanisukumia fomu.

Fomu ile ilikuwa na mistari mingi kuliko shamba la mpunga. Mimi najua kuandika jina langu, na siku hizo hata hilo lilinichukua muda. Nikaenda kwa mwandishi wa barua. Alikuwa kijana wa miwani, asubuhi ni karani wa ofisi moja, mchana anaweka meza mtaani kwetu na kuwaandikia watu barua za kwao, za mashtaka na za kuposa.

"Mchango wako kwa taifa ni nini?" akaniuliza.

"Taa."

Akaandika nusu ukurasa. Aliponisomea sikujitambua. Nilikuwa mtaalamu wa vyombo vya mwanga, ninayetumia malighafi ya ndani kuwatoa wananchi gizani. Katibu aliisoma mara mbili, akapiga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikaruka. Mke wangu alijifungulia mjini.

Kama hadithi ingeishia hapo, ningekuwa mtu mzuri. Haikuishia hapo.

Baada ya miaka michache wakanichagua balozi wa nyumba kumi. Walionichagua walisema mimi ni mchapakazi, hata kukaa sikai. Na kweli nilikuwa nimezoea. Msako uliporudi, utaratibu ulikuwa umebadilika: kabla mtu hajaenda kwa mwenyekiti na katibu, kwanza balozi atie sahihi. Balozi ni mimi.

Akaja mwandishi wa barua. Ofisi yake ya asubuhi ilikuwa imefungwa, amebaki na meza ya mtaani tu. Akasimama mbele ya pipa langu na fomu aliyoijaza kwa mwandiko mzuri sana.

Nikamwambia, "Lete mkono."

Alicheka akidhani namtania. Nikamshika. Kiganja kilikuwa laini kama cha mtoto, kina doa la wino kwenye kidole cha kati, basi.

"Hii si mikono ya kazi," nikasema.

"Balozi, fomu yako wewe iliandikwa na mkono huu."

"Najua. Rudi kesho."

Asubuhi yake karandinga likapita. Nilikuwa nagonga bati. Nilimwona akipanda, amekunja miwani akaitia mfukoni isije ikavunjika. Sikuacha kugonga.

Nilijiambia nimefuata msimamo. Nilikuwa na maneno yote: mnyonge, jasho, jembe. Lakini nami nilikuwa na kichwa changu cha changu, na nakisema hapa kwa sababu nimewasema wengine. Baba yetu alikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja. Akamchagua kaka yangu, aliyekuwa mwepesi wa kuandika, mimi nikatolewa shule nikachunge. Kaka alikuwa akituma barua nyumbani, na mimi nangoja mpaka apite mtu wa kunisomea. Tangu hapo kila mwenye kalamu nilimwona kakaa kwenye nafasi yangu. Nilikuwa nimempakia kaka yangu kwenye lori, na kaka yangu hakuwemo.

Miezi minne baadaye mwandishi akarudi, kama walivyorudi wengi, kwa mguu na kwa kudandia. Amekonda, mweusi wa jua, kioo kimoja cha miwani kina ufa. Hakunisalimia. Alitandaza viganja vyake juu ya kipande changu cha reli, palepale ninapogongea. Vilikuwa vimepasuka na kuota sugu mpaka katikati, pale mwenyekiti alipopenda.

"Bonyeza, balozi," akasema. "Sugu ndiyo niliyoifuata huko. Sasa tia sahihi."

Sikumbonyeza. Nikaleta kigoda, nikamwekea. Akakikataa. Nikakaa mimi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, mbele ya baraza nzima, na mshona viatu akaacha nyundo hewani.

"Fomu iko wapi?" nikamuuliza.

Alikuwa nayo, mpya, tupu. Akatoa kalamu akajaribu kuishika, vidole havikukunjika. Kalamu ikamwanguka mara mbili. Mara ya tatu nikaiokota mimi.

Nilijaza fomu ile tangu adhuhuri mpaka adhana ya alasiri. Yeye alikuwa anainama juu ya bega langu, ananitajia herufi moja moja, bila kunisifu na bila kunicheka. Tulipofika penye mstari wa kazi, nikamuuliza niandike nini.

"Andika unavyojua wewe," akasema.

Nikaandika, herufi kubwa, zimelala kidogo: KUANDIKA. Chini yake nikatia sahihi yangu, nikampa aende nayo kwa katibu.