Jezi Namba Tano ya Ami Masudi

Enzi zetu pale Ibra, mchezaji wa hoki alikuwa na jezi moja tu, na ikichanika haendi dukani kununua nyingine, inakuja nyumbani kwetu kwa mamangu. Nyinyi wenzangu mlioletwa Oman wadogo wadogo kutoka Unguja mnajua nasema nini. Baba zetu na ami zetu walikuja na mchezo wao wa magongo, wakauanzisha kwenye kiwanja cha changarawe kando ya wadi, ule mto mkavu. Jani hata moja hapana. Mtu akianguka huinuka na kokoto zimemganda gotini, anajipangusa, anakimbia. Wallahi sijaona tena wanaume wavumilivu namna ile.

Sisi watoto gongo letu lilikuwa kuti la mtende lililokauka. Ukilikata vizuri, pale shinani pamepanuka penyewe, basi unashika gongo lako kama wakubwa. Mpira ni soksi iliyoshindiliwa matambara. Nami msichana nilicheza, tena nilikuwa mkali, mpaka mpira uruke ukuta uingie shamba la mtu, mwenye shamba atoke na mundu, "Yaa awlaad! Nyie watoto, leo nawavunja miguu!" Hapo hakuna msichana wala mvulana, ni mbio tu.

Mama alikuwa mjane, kazi yake kushona kofia. Timu ikamkabidhi na jezi zake, azifue na azitengeneze. Mechi ilikuwa Ijumaa baada ya laasiri. Jumamosi asubuhi, mimi na yeye na beseni, tunashuka falaji mpaka chini kabisa, mwisho wa mfereji, kwani juu kule ni maji ya kunywa na ole wako uyachafue. Jezi zilikuwa za pamba nzito, za kijani, mikono mirefu, kola nyeupe. Zikirowa hazibebeki. Mama alizijua kwa harufu. "Hii ya golikipa," ananiambia, "jasho lake la woga." Tunacheka peke yetu huku povu linakwenda zake na maji. Tukirudi, chai ya maziwa na mkate wa kumimina uliobaki jana, na jezi kumi na moja zimeanikwa ukutani kama wageni waliokuja kupiga gumzo.

Namba za mgongoni alizikata kwenye kanzu kuukuu za marehemu baba, nyeupe, akazishona kwa sindano ile ile ya kofia, tundu ndogo ndogo zimebanana kama ufuta. Mkono ule sijauona mahali pengine.

Na jezi iliyojulikana kuliko zote ilikuwa namba tano. Ya Ami Masudi, kepteni. Hakuwa ami yangu wa damu, lakini mtaa mzima tulimwita hivyo. Mrefu, mkimya, akiuchukua mpira unaona wenzake wanatulia. Siku waliyocheza na Nizwa kiwanjani kwetu jezi yake ilichanwa bega. Wanawake tulikuwa tukitazamia nyuma ya ukuta wa kiwanja. Mapumziko, jezi ikaja ikiruka juu ya ukuta, ina mchanga, ina damu, na sauti nyuma yake: "Bi Asha, niokoe!" Mama alikuwa na uzi mweusi tu sindanoni, na kipande cha kitambaa cheusi. Akashona mbio mbio, akakata uzi kwa meno, akairusha kule kule. "Haya kavae! Na mkifungwa usiniletee tena!" Ami Masudi alitia magoli mawili. Kiraka kile cheusi begani nilikuwa nikikiona uwanjani, na moyo wangu unavimba.

Mama alikufa kwa homa nikiwa na miaka kumi. Nikachukuliwa na kaka wa baba, Ami Hamdani, ndiye aliyenitoa skuli darasa la tatu. Namtaja, yuko hai na ajijue. "Msichana akijua kusoma barua basi," alisema. Mkewe, Bi Rukia, aligawa sanduku zima la mamangu, mpaka kofia aliyokuwa ameifikisha nusu na sindano imo. Sikuachiwa hata uzi. Nilikua kwa makombo ya nyumba ile, lakini nilikua.

Kwa hivyo watu wakiniuliza, Bi Salma, una wazimu gani wa kukusanya majezi ya jasho la watu, jibu ndilo hilo. Kazi ya mkono wa mamangu ilibakia kwenye migongo ya wanaume wale. Nilipopata nyumba yangu nikaanza kuzitafuta. Moja nimeitoa Fanja, imefunika pampu ya maji. Moja ilikuwa Sur kwa bwana mmoja, Seif, alikuwa akifutia gari. Naye namtaja, na ninyi mkimwona mwambieni sijasahau. Mpaka mwaka jana nilikuwa nazo tisa. Sizifui. Doa la matope ni la mechi, na kiraka ni cha mama.

Vijana wa nyumbani hawanielewi. Mwana wa dada yangu ana jezi chungu nzima za timu za Ulaya, zinang'aa, na hakuna iliyopata jasho. Anazivaa kwenye kochi akicheza mpira wa kwenye simu. "Khalati, zako hata jina mgongoni hazina." Hazina, mwanangu. Mvaaji tulikuwa tukimjua.

Namba tano ndiyo niliyokuwa nikiililia. Ami Masudi sasa ni mzee sana, haoni vizuri, anakaa Nizwa kwa mwanawe Nasri. Nikampigia Nasri simu. "Ipo, Khalati, ndani ya sanduku. Lakini chafu, imechanika." Nikamwambia hiyo hiyo ndiyo naitaka.

Nilipofika nikampa mzee shikamoo, akanishika mkono hataki kuuachia. Ikaja kahawa, ikaja halwa. Kisha akaingia Zuwena, mke wa Nasri, amebeba sinia. Juu yake jezi imekunjwa, imepigwa pasi, inanukia udi.

"Khalati, nimeona aibu. Mgeni atoke kwetu na tambara? Nimeifua, nimempelekea fundi akafumua kile kiraka cheusi, ameshona kwa mashine, huwezi kujua kama ilichanika. Na ile namba ilikuwa imegeuka njano, nayo kaitoa. Ukitaka mpya atakubandikia."

"Na ile ya zamani?"

"Si katupa, Khalati."

Ningepiga ukelele. Lakini nyumba ya watu, kahawa mkononi, na yule mwanamke amenifanyia heshima kwa moyo wake wote. Nikasema ahsante.

Ami Masudi akanyoosha mikono. "Nipe." Akaiweka mapajani, akapapasa begani, akakunja uso. Akaigeuza mgongo. Kidole kikaanza kutembea polepole, kikapinda, kikarudi.

"Salma," akasema, "tundu zipo."

Nikasogea. Nikaichukua, nikaifungua mbele ya dirisha. Jezi ile yote ilikuwa imepauka kwa miaka ya jua, kijani cha jani lililokauka. Lakini pale kitambaa cha kanzu ya baba kilipofunika, jua halikupata kuingia. Tano ilikuwa pale mgongoni, kijani kibichi, kama siku jezi zilipoletwa Ibra, na tundu za sindano ya mama zimeizunguka pande zote.

"Basi fundi abandike namba mpya juu yake," alisema Zuwena, masikini, ameshaona uso wangu.

"Hapana, mwanangu. Iache hivyo."

Kiraka kimekwenda, Zuwena, na sitasema nimesamehe. Labda nitasamehe. Lakini ile rangi mimi nilikuwa nimeisahau. Nilikuwa nikidhani jezi zetu zilikuwa kijani cha mpauko hivi, kama hizi tisa zangu, kama nilivyozizoea. Kumbe zilikuwa zinawaka. Kumbe vijana wale kumi na moja walikuwa wakitoka kwenye vumbi la changarawe wamevaa kijani kile, na mamangu nyuma ya ukuta anawatazama, kijana kuliko binti yangu leo. Siku hizi jezi inakuja na kila kitu kimeshabandikwa, mwaka ukiisha inatupwa inakuja nyingine, na hakuna mtu nyuma ya ukuta mwenye sindano.